Mawe, Leza na Myuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Namna Majengo ya Kale Yalivyojengwa

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi, walimu na wageni ambao nimekuwa nikiwatembeza Isimila na Kalenga, maeneo ya kale ya Iringa, pamoja na mafundi waashi wa Iringa na Mbeya ambao, kwa maoni yangu, huuliza maswali makali kuliko wote. Yameanza na yale ya msingi na kuishia na yale yanayojitokeza mara mojamoja. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Teknolojia ya kisasa inatafuta nini hasa katika jengo la kale?

Hakuna kifaa kinachoonyesha moja kwa moja namna jengo lilivyojengwa. Kinachofanyika ni kulivunja swali hilo kubwa katika maswali madogo yanayopimika: jiwe lilichimbwa wapi, lilikatwa kwa zana gani, lilipita njia ipi, lilipandishwaje, ndani ya ukuta kuna nini, na kazi ilifanyika lini. Kila swali dogo lina kifaa chake. Kemia hutaja machimbo, kaboni hutaja miaka, leza hutaja vipimo, na mionzi hutaja kilichojificha ndani.

Baada ya hapo majibu hayo madogo huunganishwa, na hapo ndipo kazi ngumu ilipo. Nimewahi kumwonyesha muashi mmoja wa Ipogolo picha kubwa ya alama za tindo kwenye jiwe la kale, naye akaniambia bila kusita kwamba aliyelichonga alikuwa akisogea kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu kila pigo jipya lilikuwa limekata ukingo wa pigo lililotangulia. Leza ilikuwa imepima alama hizo zote kwa sehemu za milimita, lakini aliyezisoma alikuwa yeye.

2. Kwa nini wataalamu wasichimbe au wasibomoe sehemu ndogo waone wenyewe?

Kwa sababu tabaka la udongo likishaondolewa halirudi kama lilivyokuwa, hata udongo uleule ukirudishwa shimoni. Mwaka 1837 mtafiti Mwingereza Howard Vyse alitumia baruti ndani ya Piramidi Kuu ya mji wa Giza, Misri, ili avifikie vyumba vilivyo juu ya chumba cha mfalme. Alivifikia, lakini mawe aliyoyalipua hayawezi tena kuulizwa swali lolote. Vipimo visivyogusa jengo huonyesha kwanza mahali panapostahili kuchimbwa, na mara nyingine huondoa kabisa haja ya kuchimba.

3. Je, ni kweli kwamba piramidi zilijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine?

Si kweli. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu lenye ushahidi badala ya kucheka.

Mwaka 2013 timu iliyoongozwa na Pierre Tallet ilipata mafunjo yaliyoandikwa katika bandari ya kale ya Wadi al-Jarf, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Miongoni mwake ni kumbukumbu za kazi za mtu aitwaye Merer, msimamizi wa kikosi cha watu wapatao 40, zilizoandikwa karibu na mwisho wa utawala wa Khufu, mfalme aliyejengewa Piramidi Kuu. Siku kwa siku anaeleza walikolala, lini walipakia mawe ya chokaa katika machimbo ya Tura, na lini walifika Giza kwa mashua kupitia Mto Nile na mifereji yake. Yeyote aliyewahi kusimamia mradi na kujaza daftari la mahudhurio atamtambua Merer kuwa mwenzake.

Kusini mwa Sfinksi, ile sanamu kubwa ya simba mwenye kichwa cha mtu pale Giza, mwanaakiolojia Mark Lehner na wenzake wamefukua makazi ya wafanyakazi yenye majiko ya mikate, maghala, na mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi walioliwa hapo. Kuanzia mwaka 1990 yalipatikana pia makaburi ya wajenzi karibu na piramidi, na baadhi ya mifupa inaonyesha mivunjiko iliyotibiwa ikaunga. Mtu anayevunjika mkono kazini, akafungwa mbao na kupona, hakutoka sayari nyingine.

Neno moja la pembeni: madai ya namna hii huelekezwa kwa Misri, Zimbabwe na Amerika ya Kati mara nyingi kuliko kwa makanisa ya Ulaya. Tazama swali la 13.

4. Jiwe lenyewe ni la kale kuliko jengo. Mnajuaje jengo lilijengwa lini?

Pingamizi hilo ni sahihi. Mwamba wa Gangilonga pale Iringa ulikuwapo kabla ya binadamu, lakini nyumba iliyojengwa jana kwa mawe ya mtaa huo ina umri wa siku moja. Kwa hiyo hakipimwi jiwe, bali kilichonaswa kati ya mawe: mkaa, majani, nyuzi za kamba, mifupa. Vitu hivi vilikuwa na uhai, na kaboni-14 iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Njia hii hufaa hadi miaka 50,000 iliyopita.

Ina mtego wake. Mkaa uliochukuliwa kwenye udongo wa kuungia mawe ya piramidi mwaka 1984, na tena mwaka 1995, ulitoa miaka mikubwa kuliko ile inayojulikana kutokana na orodha za wafalme. Katika upimaji wa pili tofauti ilikuwa kati ya miaka 100 na 200. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wajenzi waliokota kila kuni waliyoipata, zikiwamo mbao chakavu na magogo ya zamani. Kaboni hupima siku mti ulipokufa. Siku ulipotiwa motoni haiijui.

Njia nyingine hutumia mchanga. Chembe za mchanga zikiwa gizani hukusanya nishati kidogo kidogo kutoka kwenye udongo unaozizunguka, na huipoteza zinapopigwa na jua. Mchanga uliofunikwa na jiwe siku ya ujenzi unaweza hivyo kutaja siku hiyo, ilimradi uchukuliwe gizani na kusafirishwa ukiwa umefungwa usipate mwanga.

## Vifaa na namna vinavyofanya kazi

5. Myuoni ni nini, na inawezaje kuona ndani ya piramidi?

Mionzi kutoka anga za mbali huigonga hewa ya juu ya dunia na kuzaa chembe ndogo ziitwazo myuoni, ambazo hutunyeshea mchana na usiku. Chembe kama moja hupita katika kila sentimita ya mraba kwa dakika, ikiwa ni pamoja na kwenye kiganja cha anayesoma maneno haya. Hupenya mawe, lakini baadhi hukwama, na jiwe likiwa nene hukwama nyingi zaidi. Ukiweka kifaa cha kuzihesabu chini ya piramidi kwa miezi kadhaa, upande utakaoleta chembe nyingi kuliko ilivyotarajiwa ndio wenye uwazi.

Wa kwanza kujaribu alikuwa mwanafizikia wa Marekani Luis Alvarez, aliyeipima piramidi ya mfalme Khafre, jirani na ya Khufu, katika miaka ya 1960. Hakuona chumba kipya, jambo ambalo nalo lilikuwa jibu. Mwaka 2015 ulianza mradi wa ScanPyramids, na Novemba 2017 ulitangaza uwazi mkubwa wenye urefu wa angalau mita 30 juu ya Ukumbi Mkuu wa piramidi ya Khufu. Matokeo hayo yalithibitishwa kwa aina tatu tofauti za vifaa kutoka Japani na Ufaransa, na ndiyo maana yaliaminiwa. Machi 2023 ulitangazwa ushoroba wa mita 9 nyuma ya mawe yaliyoegemeana juu ya mlango wa kaskazini. Safari hii waliweza kupitisha kamera nyembamba katika upenyo kati ya mawe, na picha zikaonyesha dari ya mawe yaliyoegemezwa kama paa la nyumba ya bati.

Kwa mjenzi, dari hiyo ndiyo habari kubwa. Mawe yaliyoegemezwa hivyo huusukuma uzito pembeni, nao haushuki katikati. Inawezekana ushoroba huo uliachwa ili kupunguza mzigo. Uwazi ule mkubwa haujaingiwa na kamera, na matumizi yake bado yanabishaniwa.

6. Rada ya ardhini na kifaa cha kupima sumaku vina tofauti gani?

Rada hupeleka mawimbi ya redio ardhini na kusikiliza yanayorudi. Hufanya kazi vizuri kwenye mchanga mkavu na vibaya sana kwenye mfinyanzi uliolowa, kwa hiyo anayetaka kuitumia Tukuyu wakati wa masika ajiandae kurudi mikono mitupu. Mfano wake mzuri uko Aksum, Ethiopia. Nguzo ya mita 24 yenye uzito wa zaidi ya tani 150, iliyochukuliwa na Waitalia mwaka 1937, ilirudishwa mwaka 2005. Kabla ya kuisimamisha, mahali pake palipimwa kwa vifaa vya aina hii, na yakaonekana makaburi chini ya ardhi ambayo hayakuwa yakijulikana. Ilisimamishwa mwaka 2008.

Kifaa cha kupima sumaku, yaani magnetomita, hakipeleki chochote. Hupima tu mabadiliko madogo ya usumaku wa ardhi. Hapa wasomaji wa Iringa wana mfano karibu na nyumbani. Tanuru la tofali likikolea, chuma kilichomo katika udongo mwekundu hupoteza usumaku wake wa awali, na linapopoa chembe hizo hujipanga upya kufuata usumaku wa dunia wa siku hiyo. Tofali zikishauzwa zote na mahindi yakapandwa juu yake, kitako cha tanuru hubaki kikijulikana kwa kifaa hiki kwa karne nyingi. Ndivyo majiko, matanuru na nyumba zilizoungua za watu wa kale zinavyopatikana bila jembe.

7. Laida ni nini?

Ni upimaji kwa leza kutoka kwenye ndege au droni. Mamilioni ya mapigo ya mwanga hushuka, na machache kati yake hupenya kati ya majani, hugusa ardhi na kurudi. Kompyuta huyatenga mapigo ya ardhini na ya majani, na msitu huondoka katika picha. Kwa njia hii mji wa kale wa Angkor nchini Kambodia ilionekana upya kuanzia mwaka 2012, na mwaka 2018 yalitangazwa zaidi ya majengo 60,000 ya Wamaya katika misitu ya Guatemala.

Mfano ulio karibu nasi ni Kweneng, kusini mwa Johannesburg, ambako laida ilifichua karibu maboma 800 ya kuta za mawe za mji wa Watswana, mahali ambapo mpita njia aliona vichaka tu.

8. Je, simu janja inaweza kufanya kazi yoyote ya maana?

Ndiyo. Njia huitwa fotogrametria: unakizunguka kitu ukipiga picha nyingi, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, kisha programu hutafuta alama zinazofanana na kuunda umbo la pande tatu. Programu za bure zipo.

Mwanga ndio unaoharibu. Mara yangu ya kwanza kuipiga nguzo moja ya Isimila nilianza saa nane mchana, nikasimama kuzungumza na wageni, nikamaliza saa kumi na moja. Kivuli kilikuwa kimehama, na programu ikanitolea nguzo yenye mabega mawili. Siku hizi nasubiri asubuhi zenye mawingu za Juni na Julai, na naweka rula chini ya nguzo, kwa sababu umbo lisilo na kipimo ni mapambo tu.

9. Mnajuaje jiwe lilitoka machimbo gani?

Kila mwamba una mchanganyiko wake wa madini, na uwiano wa vile vilivyomo kwa uchache mno hutofautiana kutoka kilima hadi kilima. Stonehenge, duara la kale la mawe makubwa nchini Uingereza, ni mfano uliofanyiwa kazi sana. Mwaka 1958 mafundi waliokuwa wakirekebisha jiwe moja walilitoboa, na mmoja wao akaondoka na kipande cha ndani. Kilirudishwa baada ya miaka kama sitini, kikapimwa, na mwaka 2020 ikatangazwa kwamba mawe makubwa karibu yote yalitoka West Woods, kilomita kama 25 kutoka hapo.

Agosti 2024 likaja jambo lililowashangaza hata watafiti wenyewe. Jiwe liitwalo la Madhabahu, lenye tani 6 hivi, lilipimwa umri wa chembe zake za madini, na likalingana na miamba ya kaskazini mashariki mwa Skotlandi, angalau kilomita 750 mbali. Kwa wasafiri wetu, huo ni umbali unaopungua kidogo tu kuliko safari ya Mbeya hadi Dar es Salaam, kwa watu wasiokuwa na gurudumu.

## Kusawazisha, kuvuta na kuinua

10. Waliwezaje kusawazisha msingi bila pimamaji?

Walikuwa na maji, kamba na timazi, na hivyo vinatosha. Flinders Petrie aliipima Piramidi Kuu kati ya mwaka 1880 na 1882, na vipimo vya baadaye vimemuunga mkono: pande zake za mita 230 hivi hutofautiana kwa sentimita chache, na kitako chake hakipishani kimo kwa zaidi ya sentimita mbili tatu. Katika kaburi la fundi Sennedjem kilipatikana kifaa cha mbao chenye umbo la herufi A, kikining'iniza timazi katikati. Kaburi hilo ni la karne nyingi baada ya Khufu, lakini kanuni ya kifaa ni ileile.

Fundi anayejenga kwenye mteremko wa Uyole au Gangilonga hutumia mpira mwembamba unaopenya mwanga, uliojazwa maji, mmoja akishika ncha hii na kijana wake ncha ile, na wote wawili hungoja maji yatulie kabla ya kuweka alama kwenye vigingi. Kama kuna povu la hewa limebaki ndani ya mpira, msingi wote utalala upande. Mwulize fundi huyo kama msingi wa mita 230 unaweza kusawazishwa kwa maji, naye atakuuliza una siku ngapi.

11. Jiwe la tani nyingi lilivutwaje bila winchi wala lori?

Tuanze na ukubwa. Kimondo cha Mbozi, ambacho wengi wetu tumekigusa, hutajwa kuwa na tani 12. Jiwe la kawaida la Piramidi Kuu lina takriban tani 2.5, yaani kimondo hicho ni kama mawe matano hivi, ingawa piramidi ina mawe yapatayo milioni 2.3 na baadhi ya mawe ya matale (graniti) juu ya chumba cha mfalme huzidi tani 25 kila moja.

Yalivutwa kwa sileji za mbao, yaani vibebeo vya kuburuta visivyo na magurudumu. Mchoro wa kaburi la Djehutihotep, mtawala wa jimbo huko Misri, wa karibu mwaka 1900 KK, unaonyesha sanamu kubwa ikivutwa na safu za watu, na mtu mmoja amesimama mbele ya sileji akimwaga maji. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni ibada. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walijaribu, wakakuta mchanga ukilowa kwa kiasi kinachofaa, nguvu ya kuvuta hupungua kwa nusu hivi, kwa kuwa mchanga haujikusanyi tena mbele ya sileji. Ukizidisha maji, faida huondoka.

Kuhusu kupandisha, mwaka 2018 ilitangazwa njia ya mteremko mkali katika machimbo ya Hatnub, ya zama za Khufu, yenye ngazi pande zote mbili na mashimo ya nguzo. Inaelekea kamba zilizungushwa kwenye nguzo, hivyo wengine wakavuta wakiwa juu na wengine wakashuka nazo. Hii haithibitishi kwamba Giza walifanya vilevile. Inathibitisha kwamba ujuzi huo ulikuwapo.

Kuhusu umbali, picha za rada za setilaiti na tabaka za udongo zilizochimbwa zilionyesha, katika utafiti uliotolewa mwaka 2024 ukiongozwa na Eman Ghoneim, mkono wa Nile uliokauka wenye urefu wa kilomita 64 ukipita kando ya piramidi 31. Mzigo ulishushwa karibu na mlango.

12. Kujaribu upya kwa mikono kuna faida gani wakati kompyuta zipo?

Kompyuta haichoki, na hilo ni kasoro. Mwaka 2012 Terry Hunt na Carl Lipo walitumia watu 18 na kamba tatu kuitembeza nakala ya sanamu ya mawe ya Rapa Nui, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, yenye uzito wa zaidi ya tani nne, wakiiyumbisha huku na huku kama tunavyosogeza pipa lililojaa au jokofu sebuleni. Walisogea mita 100 kwa dakika 40. Jaribio halithibitishi kwamba ndivyo ilivyokuwa, lakini linazima hoja ya kwamba haiwezekani.

## Afrika, pwani na nyumbani

13. Nani alijenga Great Zimbabwe, na teknolojia imeongeza nini?

Great Zimbabwe, magofu makubwa ya mawe nchini Zimbabwe, waliijenga mababu wa Washona, kuanzia karne ya 11 hadi ya 15. Hili lilisemwa na David Randall-MacIver mwaka 1905 na kusisitizwa na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, kwa kuchimba tu, na walioendelea kukanusha walikuwa na sababu za kisiasa. Teknolojia haikuhitajika kulijibu swali hilo.

Ilichoongeza ni vipimo. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umezipima kuta hizo kwa leza, jiwe kwa jiwe, hivyo ukuta ukianza kuvimba unaweza kulinganishwa na ulivyokuwa. Kuta hazina udongo wa kuungia wala saruji, na mahali fulani zinafika mita 11.

Kuhusu namna mawe yalivyopatikana, anayeishi Iringa ana fununu tayari. Matale hujibandua yenyewe kwa matabaka kutokana na joto la mchana na baridi ya usiku. Ukiharakisha kwa moto, kama wapasua kokoto wetu wanavyochoma mwamba kabla ya kuupiga nyundo, linatoka bamba lenye nyuso mbili zilizonyooka, ambalo halihitaji kuchongwa sana. Wajenzi wa Zimbabwe waliishi katikati ya miamba kama hiyo.

14. Na Kilwa?

Kilwa Kisiwani ni matumbawe na chokaa. Matumbawe laini yalichongwa yakiwa bado mabichi, na magumu yalitumika kujaza kuta. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Vyumba vingi vya majengo ya Waswahili ni vyembamba, chini kidogo ya mita 3, kwa sababu huo ndio upana ambao boriti za mikoko ziliweza kubeba dari nzito. Kwa hiyo mti ndio uliopanga ramani ya nyumba.

Msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alifika Kilwa mwaka 1331. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawa katika orodha ya yaliyo hatarini kati ya mwaka 2004 na 2014, na yamepimwa kwa leza na mradi uliotajwa katika swali la 13. Huko Songo Mnara vipimo vya sumaku, vilivyoelezwa katika swali la 6, vilionyesha dalili za nyumba za miti na udongo pembeni mwa zile za mawe. Mji uliodhaniwa wa mawe pekee ulikuwa na wakazi wengine.

15. Zege la Warumi lilikuwa na siri gani?

Chokaa isiyozimwa (ambayo bado haijatiwa maji), majivu ya volkeno, na subira. Mwaka 2023 timu ya Admir Masic ilionyesha kwamba vipande vyeupe vya chokaa ndani ya zege hilo, vilivyodhaniwa kuwa uzembe wa kuchanganya, huyeyuka maji yanapoingia kwenye ufa na kuuziba tena. Kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43 hivi bila nondo hata moja, bado linasimama. Mafundi wa Rungwe huuliza kama majivu ya volkeno ya kwao yangefaa. Majivu ya volkeno hutofautiana sana, kwa hiyo yapimwe kwanza maabara.

16. Nguzo za Isimila zilijengwa na nani?

Hazikujengwa. Ni udongo na mchanga ulioganda, ambao maji ya mvua yameuchonga kwa muda mrefu, yakaacha nguzo pale ambapo tabaka gumu lilikinga sehemu ya chini. Najua jibu hili huwavunja moyo baadhi ya wageni. Kilichotengenezwa na binadamu pale ni zana za mawe zilizo chini, kando ya njia: mashoka ya mkono yaliyotambuliwa mwaka 1951 na kuchimbuliwa kwa utaratibu mwaka 1957 na 1958. Vipimo vya yurani kwenye mfupa vilitoa umri wa takriban miaka 260,000.

17. Kuta za ngome ya Mkwawa pale Kalenga zinaweza kuonekana tena?

Ngome ya Lipuli ilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894 baada ya kupigwa mizinga, na kinachoonekana leo ni mabaki machache. Mahali kama hapa, ambapo ukuta mrefu umebomolewa na mashamba na nyumba zikafuata, laida na magnetomita ndizo zinazofaa zaidi: ya kwanza kwa tuta dogo la sentimita chache ambalo jicho halilioni, ya pili kwa sehemu zilizoungua. Kwa maoni yangu ni kazi inayostahili kutangulia nyingine nyingi za nyanda hizi, na isicheleweshwe, kwa sababu nyumba zinaongezeka.

## Maswali ya pembeni

18. Niliona habari kwamba kuna nguzo kubwa mno chini ya piramidi ya Khafre. Ni kweli?

Madai hayo yalisambaa Machi 2025, yakitaja miundo inayoshuka mamia ya mita, iliyoonekana kwa rada ya setilaiti. Mawimbi ya rada hiyo hayapenyi mwamba kwa kina cha namna hiyo, na wataalamu wa mambo ya kale na wa rada waliyapinga. Msomaji ajiulize mambo mawili: je, kuna kifaa cha aina nyingine kilichoona kitu kilekile, kama ilivyofanyika katika swali la 5, na je, wengine wamepewa takwimu ili wazikague?

19. Naruhusiwa kurusha droni au kuchimba kwenye eneo la kale?

Droni huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, pamoja na ruhusa ya wanaosimamia eneo. Kuchimba bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hata kama shamba ni lako. Sheria hiyo hulinda moja kwa moja vilivyojengwa au kutengenezwa kabla ya mwaka 1863, na vya baadaye vinaweza kutangazwa kulindwa.

20. Nimeibua jiwe lililochongwa nikiwa nalima. Nifanye nini?

Liache lilipo. Piga picha ukiweka kitu cha kulinganishia ukubwa, kama kiberiti au sarafu, kisha piga nyingine kutoka mbali ili mahali pajulikane. Hifadhi alama ya mahali hapo kwenye ramani ya simu, na toa taarifa kwa uongozi wa kijiji na kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Kama lazima liondolewe kwa sababu ya mvua au trekta, lifunge kwenye karatasi kavu, pamoja na gao la udongo wa palepale katika mfuko wa pembeni. Usilioshe, kwa kuwa uchafu ulioganda kwenye makali yake ndio unaoweza kupimwa.